Tupeane uzoefu: stadi ya menifodi ikikatikia ndani ya hedi, ulitokaje?

mzee_wa_gia
Wakuu salama? Leo nimepita Gerezani, pale Dar kwenye spea, kutafuta bushi, nakuta kijana kapanda juu ya bampa la Land Cruiser yuko na drili, jasho linamtoka, bosi wa gari kakaa kwenye tairi kashika tama. Sikuuliza. Nilijua tu ni stadi ya menifodi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshikilia menifodi (chuma kinachokusanya moshi wa egzosi) kwenye hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Wenye 1HZ, ile injini ya dizeli ya Land Cruiser, mnaelewa, silinda sita, menifodi ni chuma kirefu, ikipata moto inarefuka ikipoa inarudi, miaka nenda rudi, mwisho wa siku zile stadi za pembeni kabisa ndio zinakata. Unaanza kusikia tik tik tik asubuhi, injini ikipata moto inanyamaza, fundi anakwambia ni tapeti, vile visukuma valvu. Haya mwageni visa, nani alipatwa na akatokaje.

dada_probox
Hiyo ya kuambiwa tapeti mie nimelipa kabisa hela ya tapeti 😭

fundi_nyakato
Umenikumbusha mbali mkuu. Nililetewa Subaru Forester, injini EJ20, imetoka gereji nyingine ikiwa imevutwa na kamba. Mwenye gari ananiambia "fundi ni stadi tu". Nikalala chini kuangalia, kwa sababu Subaru stadi za egzosi zinaangalia chini. Naona stadi imekatika sawasawa na uso wa hedi, na katikati yake kuna kitu kinang'aa kama jino la dhahabu. Iziauti, ile kekee ya kung'olea bolti iliyokatika! Walitoboa, wakaingiza iziauti, wakaivunjia humo humo. Sasa asiyejua ni hivi, iziauti ni chuma kigumu kuliko biti yako ya drili ya kawaida. Ukiigusa biti inateleza, na pembeni yake kuna nini? Aluminiamu, laini, biti inahamia huko yenyewe. Na ndicho walichofanya, tundu limeenda upande kama robo ya stadi. Nikamwambia mwenye gari hapa injini inatoka, maana hedi ya Subaru kuifungua ikiwa ndani ya gari ni kujitesa. Akanuna, akasema mafundi wote wezi, akaondoka, kesho yake karudi na kamba ile ile. Tukashusha injini, hedi mezani, nikatafuta biti ndogo ya kabaidi, nikawa naisaga ile iziauti kidogo kidogo, punje punje, huku napuliza hewa, mpaka ikabaki maganda nikayang'oa na sindano. Tundu likawa limeshapanuka, stadi ya milimita 10 haishiki tena, nikaweka helikoili, ile springi ya kurudisha sredi (njia za skrubu) mpya, ya 10 kwa 1.25. Mpaka leo ile gari inatembea. Ila iziauti kwangu hairuhusiwi kuingia getini.

kijana_wa_spea
Umeongea kiongozi. Iziauti ni ya bolti iliyokatika ikiwa imelegea, sio iliyoshikwa na kutu.

makengeza
Tatizo la mafundi wetu haraka. Unapuliza WD-40, unaacha usiku kucha, asubuhi nati inatoka kwa mkono. Nimefanya mwenyewe mara kibao.

fundi_nyakato
@makengeza hiyo nati ilikuwa inatoka hata bila WD. Ile kazi yake ni kufukuza maji na kulainisha juu juu, stadi iliyopikwa na moto wa egzosi miaka kumi haisikii hiyo.

makengeza
Sasa wewe unatumia nini, maji ya baraka?

fundi_nyakato
Natumia moto na akili.

makengeza
Wengine tuna akili tu, moto tumewaachia nyie mliozoea kuunguza gari za watu.

mzee_wa_gia
Wakuu tulizeni mshono, tuko kwenye visa.

bandari_254
Mimi niko Mombasa, huku kwetu chumvi ya bahari inakula chuma hadi ukishika nati inabaki unga mkononi. Fundi wangu hapa jua kali hatumii iziauti wala nini. Stadi ikikatika anaweka wosha juu yake, anachomelea kwa katikati, halafu juu ya wosha anaweka nati anajaza weldingi ndani ya nati. Anaacha ipoe kidogo, si baridi kabisa, halafu anaizungusha pole pole mbele na nyuma, mbele na nyuma, ikikaza anarudisha. Ikikatika anachomelea nyingine. Kuna moja ilikataa hadi nati ya tano hivi ndio ikatoka. Raha yake ni kwamba hedi ya aluminiamu haishikani na weldingi ya chuma, kwa hivyo hutaharibu kitu ukiwa na mkono mzuri. Ila toa waya wa betri kwanza, usije ukachoma kompyuta ya gari.

kijana_wa_spea
Hii ya nati ndio baba lao.

mtoto_wa_msamvu
Mmeongelea kuunguza gari nimecheka peke yangu kwenye daladala. Ngojeni niwape ya mjomba. Mjomba wangu alikuwa na Hiace, ile dizeli ya zamani, na Hiace mnajua injini iko chini ya siti, unanyanyua siti ndio unaiona. Egzosi ikaanza kuvuma mpaka abiria wanaumwa kichwa, moshi unaingia ndani. Kesho yake ilikuwa imekodiwa kupeleka watu harusini Kilosa, kwa hiyo lazima itengenezwe usiku ule ule nyumbani. Fundi kaja na mitungi ya gesi kwenye guta. Nati ya mwisho huko nyuma imegoma, soketi imeshakula kona zote. Fundi akasema hii dawa yake moto, akawasha, akaielekeza. Mimi nimeshika tochi. Nati ikawa nyekundu, tukafurahi, hatujui kwamba chini ya siti kuna lile sponji la kuzuia joto na limelowa dizeli ya miaka yote. Likasema FUUU! Fundi akaruka nje na bomba la gesi bado linawaka mkononi, anakimbia uani kama kashika nyoka, shangazi anapiga kelele "mtungi! funga mtungi!", mjomba anatafuta maji, ndoo zote tupu maana maji yalikuwa hayatoki. Sasa barazani kulikuwa na ndoo ya togwa, ya harusi ile ile, imefunikwa na kanga. Mjomba hakuuliza mtu. Akaibeba nzima akamwaga. Moto ukazima palepale. Kimya. Gari linanuka mtama uliopikwa. Fundi akarudi taratibu, akavaa soketi akajaribu ile nati. IKATOKA. Kwa vidole viwili.

dada_probox
Nakufa 😂😂😂 TOGWA

kijana_wa_spea
Kuanzia leo spreyi siuzi tena, nauza togwa ya stadi lita tano.

makengeza
Uongo. Dizeli haiwaki kirahisi hivyo.

mtoto_wa_msamvu
Ikiwa kwenye ndoo haiwaki kirahisi. Ikiwa imelowa kwenye sponji na moto wa gesi juu yake, njoo nikuonyeshe.

bandari_254
Ni ukweli, sponji inakuwa kama utambi. Na kutoka kwa nati si miujiza, chuma kimepanuka kwa moto halafu kimepozwa ghafla, kutu inapasuka. Lakini usimwagie hedi kitu baridi ikiwa moto, utaipasua ulie.

fundi_nyakato
Hapo kwenye moto mimi huwa napasha, kisha nagusisha mshumaa. Nta inayeyuka inazama yenyewe kwenye sredi. Togwa sijawahi.

makengeza
Haya mshumaa nao. Bado ubani.

theluji_minnesota
Wadau niko huku Marekani, baridi ikianza wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, gari ya miaka michache chini inaonekana kama imefukuliwa kaburini. Huku nikiona nati ya egzosi ina kutu silazimishi, naikata makusudi. Bora nati ife stadi ibaki imechomoza niishike na praizi, kuliko kulazimisha ikakatikia ndani.

kijana_wa_spea
Hiyo nayo point. Ikichomoza hata nati mbili unazikazanisha pamoja unafungua kwa ile ya ndani, stadi inatoka yote.

mzee_wa_gia
Nimeipenda. Na jamani, kabla ya weldingi msisafishe na ile spreyi ya breki yenye klorini. Ikipata moto inatoa fosjini, ile gesi iliyoua askari Vita ya Kwanza ya Dunia. Soma kopo kabla hujapuliza.

makengeza
Hapo nakubaliana na wewe, kwa mara ya kwanza leo.

dada_probox
Sasa wataalam, yangu stadi moja imekatika na gasketi inavuja. Fundi mmoja kasema tuiache zilizobaki zinatosha, mwingine kasema hedi nzima ishuke, wa tatu anasema apake gamu ya egzosi.

kijana_wa_spea
Gamu itakaa wiki moja.

bandari_254
Dada tafuta mtu wa weldingi ya MIG, ile ya waya na gesi, asiguse na drili.

theluji_minnesota
Kama imekatikia ndani kabisa, drili ni lazima. Ila apige senta panchi, kile chuma cha ncha cha kuweka alama, katikati kabisa kwanza, na atafute biti za kuzunguka kushoto, mara nyingine stadi inatoka yenyewe wakati anatoboa.

fundi_nyakato
Dada yangu, kwanza hakikisha menifodi imepelekwa kwa mkerezaji ikanyooshwe uso, vinginevyo utaweka stadi mpya na yenyewe itakata. Stadi zote zibadilishwe, sio hiyo moja. Apake grisi ya kopa kwenye sredi, akaze kuanzia katikati kwenda pembeni. Na wakati unatafuta fundi usimruhusu mtu yeyote azikaze hizo nati zilizobaki, utaongeza maiti.

dada_probox
Asante fundi. Mkerezaji sh ngapi?

fundi_nyakato
Inategemea na mji. Huku Mwanza mnapatana.

makengeza
Mimi swali langu ni moja tu. Hiyo togwa alilipa nani?

mtoto_wa_msamvu
Fundi. Alikatwa kwenye hela ya kazi, na shangazi alimdai na ndoo, maana iliyeyuka mdomo.