Kisu cha "Dameski" cha laki tatu, mawimbi yamefutika kwa msasa. Huu ni wizi!

Wakuu, nimepigwa laki tatu na ishirini na leo sinyamazi.

Mimi natembeza wageni porini kwa miguu. Kisu kwangu ni cha kazi: kuchonga vigingi, kukata kamba, kuchuna mbuzi tukifika kambini. Miaka yote nimetumia cha springi ya gari, kazi ya mhunzi wa kijijini kwetu. Sura hakina, lakini kinakata. Mwaka huu nikasema na mimi nijipe kitu kizuri. Nikampata fundi mtandaoni, nikaagiza kisu cha inchi 5, mpini wa mpingo, bapa la chuma cha Dameski lenye mawimbi. Akataka hela yote kwanza, nikatuma. Aliahidi wiki tatu, nikasubiri miezi minne.

Kimefika, na kwa macho ni kizuri, sikatai. Siku ya pili tu nimechonga kigingi cha mti mkavu, kimoja, nikapitisha ukucha kwenye makali: yamelala upande kama mdomo wa kopo. Nikachukua tupa. Kisu kilichotiwa maji sawasawa, yaani kilichopashwa moto kikazamishwa ili kiwe kigumu, tupa inateleza juu ya makali kama kwenye kioo. Hiki tupa inakula, unga unadondoka mezani!

Ndipo nikageuza nikaangalia mgongo wa kisu. Mtupu. Mawimbi yote yameishia ubavuni.

Kwa msiojua, Dameski inayotengenezwa siku hizi ni vyuma viwili, mara nyingi aina zinazoitwa 1095 na 15N20, vinapangwa, vinaunganishwa kwa moto na nyundo, vinakunjwa, kazi inarudiwa mpaka tabaka zinafika mamia. 15N20 ina nikeli kama asilimia 2, kwa hiyo bapa likiingia kwenye asidi yenyewe inabaki inang'aa na mwenzake anakuwa mweusi. Ule mchoro ni chuma chenyewe, unapita mgongoni na unashuka mpaka kwenye makali. Ukiusugua unafifia, ukirudisha kwenye asidi unatokea palepale.

Nikapiga msasa namba 220 sehemu ndogo karibu na mpini. Mawimbi yakafutika. Jirani yangu fundi redio ana feriki kloraidi, ile dawa ya asidi ya kula shaba kwenye bodi za saketi. Tukaizimua kwa maji, tukatumbukiza kisu robo saa. Kimetoka kijivu, rangi moja kuanzia ncha mpaka mpini. Hakuna tabaka hata moja.

Nampigia fundi, ananijibu, "Umekiharibu mwenyewe na msasa wako." Nikamuuliza kuhusu makali. "Kaka, hicho ni kisu cha urembo." Urembo? Wakati naagiza nilimwandikia kazi zangu zote moja baada ya nyingine, na ujumbe ninao. Baada ya hapo simu hapokei.

Kuchora bapa kwa asidi si kosa. Kuna mafundi wanalipaka nta, wanakwangua picha ya tembo au jina la mteja, wanalitumbukiza, na wanakwambia wazi kwamba ni mchoro wa juu. Hao wanastahili kulipwa na ningewalipa. Huyu kauza mchoro wa juu kwa bei ya tabaka.

Na kinachoniuma kuliko mawimbi ni kwamba kisu hakikutiwa maji kabisa! Mhunzi wetu kijijini ana mkaa, mivukuto na debe la mafuta machafu ya gari. Anapasha chuma mpaka sumaku haishiki tena, anaongeza moto kidogo, anazamisha kwenye mafuta, kisha anakirudisha kwenye joto dogo kisije kikakatika kama kioo. Kisu chake hakifiki hata robo ya bei hii na kina miaka sita kiunoni kwangu. Huyu mwenye picha za kuvutia ameshindwa hilo?

Nataka hela yangu yote. Kisu kipo, atume mtu aje akichukue na ala yake. Na kama kuna mwenzangu humu amenunua kisu cha mawimbi mtandaoni, piga picha ya mgongo uiweke hapa tuone.