Binti anataka kusoma muhula mzima melini: tumruhusu? Na viza je?

Kutoka: Mama wa Kibokoni, Mombasa

Assalaam aleikum jamaa wa ng'ambo na wa nyumbani,

Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni Marekani, kwa viza ya mwanafunzi ya F-1. Juzi kanipigia simu kuniambia muhula wa Januari anataka kuusoma baharini, ndani ya meli inayokwenda nchi baada ya nchi. Mpango wenyewe unaitwa Semester at Sea. Babake akadhani mtoto ameacha chuo anataka ubaharia. Mimi nimesoma alichonitumia, naona ni jambo la kweli, ila maswali yamenijaa. Masomo hayo yanahesabika? Akishatoka Marekani, kurudi kwake kukoje? Pasipoti yake ni ya Kenya, na wenzake karibu wote wana za Kimarekani. Halafu safari itaangukia Ramadhani. Anasema huenda meli ikapitia bandari yetu ya Kilindini, na hilo ndilo lililomlainisha babake kidogo.

Mwenye kujua anifahamishe. Sitaki kumkatalia mtoto kwa kutojua, wala kumkubalia kwa kutojua.

Kutoka: Dada wa Columbus, Ohio

Waaleikum salaam dadangu. Mwanangu wa kiume ameshakwenda na mpango huo, na karatasi zake zote tulizihangaikia pamoja, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu. Bahari isikutie hofu. Kitakachoamua kama binti atapanda meli ni pasipoti yake.

Masomo yanahesabika. Mpango huu ulianza 1963 ukiitwa University of the Seven Seas, na hata Askofu Desmond Tutu aliwahi kusafiri na wanafunzi wake. Tangu 2016 chuo kinachosimamia masomo ni Colorado State University, cha Fort Collins, na matokeo yanatoka huko. Kazi yenu ni kuhakikisha chuo chake binti kinayapokea. Apate kibali kwa maandishi, somo kwa somo, kabla hamjalipa chochote. Na umwambie babake: wanaotaka ubaharia wana chuo chao, Bandari Maritime Academy, hapo hapo Mombasa. Huyu anakwenda kusoma masomo yale yale ya chuoni kwake, madarasa tu ndiyo yanaelea.

Kurudi Marekani sasa. Mwenye F-1 akikaa nje zaidi ya miezi mitano anaweza kupoteza hadhi yake ya uanafunzi, isipokuwa yuko nje kwa masomo yanayotambuliwa na chuo chake. Safari haifiki miezi mitano, lakini ukiongeza likizo ya Desemba kabla yake na ya kiangazi baada yake, miezi inajaa bila kujua. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni, awaeleze mpango mzima, abaki ameandikishwa, na ile fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kuthibitisha uanafunzi wake, isainiwe upya kwa ajili ya kusafiri. Kisha aifungue pasipoti aiangalie viza yenyewe: mwisho wake lini, na ni ya kuingia mara ngapi. Herufi M maana yake mara nyingi. Ikiwa ni ya mara moja na ameshaitumia, hana viza ya kurudia, hata kama tarehe bado iko mbali.

Viza za njiani ndizo zilizotutoa jasho. Kuna nchi ambazo mtoto wetu anaingia bila viza: Afrika Kusini tangu Januari 2023, na Mauritius, Malaysia na Singapore. Hizo shukuruni. Ulaya atahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za huko, Japan pia viza ya kubandikwa, na zote mbili zinataka pasipoti yenyewe ikae kwao. Pasipoti ni moja, haiwezi kulala balozi mbili usiku mmoja. Kwa hiyo aanze na hizo za kubandikwa, moja baada ya nyingine, na za mtandaoni ziwe mwisho. Sisi ubalozi mmoja uliikalia pasipoti ya mwanangu wiki baada ya wiki bila kupokea simu, huku ubalozi wa pili ukimngoja. Sitawataja, ila nawaambia mjipe nafasi kubwa kuliko mnavyodhani inatosha.

Za mtandaoni nazo zina mtego wake. Tulipokuwa tukijaza ya India tukakuta orodha ndefu ya viwanja vya ndege na orodha fupi sana ya bandari. Kochi na Mumbai zimo, lakini si kila mahali meli inapotia nanga pamo. Vietnam vivyo hivyo, viza ya mtandaoni inakubalika kwenye vituo walivyovitaja wao tu. Mtu wa ndege mara nyingi halimsumbui hilo. Mtu wa meli asipoliangalia, atabaki kuutazama mji kutoka sitahani.

Asijidanganye kwamba ataomba nyingine njiani, kwa sababu pasipoti zinakaa kwenye ofisi ya meli. Na mjue njia hubadilika. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Sham kwa sababu ya mashambulizi, zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nchi ikiondolewa kwenye safari baada ya viza kulipiwa, pesa hiyo hairudi. Wekeni akiba ya jambo hilo.

Mwisho, kadi ya homa ya manjano. Sisi tunatoka nchi ambayo ugonjwa huo upo, na India hawana mchezo: usipokuwa na kadi wanakuweka karantini. Sindano ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuingia nchi inayoidai. Tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo kama aliipata zamani itafuteni ile kadi, na jina lilingane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Hapa nasisitiza kwa sababu watoto wetu ni Mohamed huku na Muhammad kule.

Kutoka: Mama wa Kibokoni

Mungu akulipe dadangu. Nimemtumia yote. Na pesa? Bei aliyoniambia imenitoa kijasho.

Kutoka: Dada wa Columbus

Ni ghali, sikufichi. Mikopo na misaada ya serikali ya Marekani ni ya raia na wenye kibali cha ukaazi, F-1 hapati. Lakini mpango wenyewe una misaada yake kwa wasiojiweza, na wako wanaopewa kazi ndogo melini. Aombe mapema. Aulize pia chuoni kwake kama udhamini alio nao unamfuata melini, maana vyuo vingine vinakubali na vingine vinausimamisha muhula huo. Na asisahau kwamba kazi yake ya chuoni, zile saa 20 kwa wiki, itasimama. Chumba alichopanga nacho kitaendelea kudai kodi asipompata wa kumwachia.

Kutoka: Kijana wa Tudor, sasa Toronto

Shikamoo mama. Mimi nilisafiri na meli hiyo, World Odyssey, na maisha ya ndani nayajua.

Madarasa ni siku za baharini tu. Meli ikifika bandarini hakuna darasa, lakini kila somo lina siku yake ya kutoka na mwalimu mjini, na siku hiyo ina alama. Ukiikosa umeumia. Kuna somo moja la lazima kwa wote kuhusu nchi mnazokwenda. Uchovu unatokana na saa. Mkielekea mashariki, usiku mwingi saa inasogezwa mbele, unakatwa usingizi saa nzima, na asubuhi kuna mtihani. Intaneti ni ya kubana, kwa hiyo asipopatikana siku kadhaa usipige simu ubalozini. Na benki zinazotuma namba za siri kwa ujumbe wa simu zitamsumbua sana katikati ya bahari. Abadilishe njia ya kuthibitisha kabla hajaondoka.

Kichefuchefu kipo siku za mwanzo. Chumba cha chini katikati ya meli kinayumba kidogo kuliko cha juu mbele, na ndicho rahisi pia. Achukue hicho, hata kama hakina dirisha.

Ramadhani niliifunga melini, alhamdulillah, na inawezekana. Ongea na wapishi siku ya kwanza, si siku ya kwanza ya mfungo. Walikuwa wananiwekea daku kwenye sahani iliyofunikwa, na nilikuwa na tende zangu mwenyewe. Saa ya kufuturu usiitoe kwenye simu, kwa sababu simu bila mtandao inakupa saa za mji mliouacha. Angalia jua mwenyewe, au uliza mapokezi jua litazama saa ngapi mahali meli ilipo. Kibla ndicho kilinitesa. Dira ya simu haifai ndani ya meli, vyuma vimeizunguka pande zote: niliiweka kitandani ikaelekea huku, nikaisogeza mezani ikaelekea kwingine kabisa. Nikawa natazama ramani ya safari kwenye runinga, najua meli inaelekea wapi na Makka iko upande gani, ndipo natandika msala. Asubuhi ya pili kibla kimehama tena. Kuhusu kufupisha swala na ruhusa ya msafiri kutofunga, amuulize shekhe wake kabla hajaondoka, ajue msimamo wake.

Nyama za melini zilinitia shaka, nikala samaki, mayai na mboga muda wote. Hakufa mtu.

Kutoka: Ami wa Likoni

Mimi nimefanya kazi bandarini hadi nikastaafu, nitasema la Kilindini tu.

Meli hiyo imewahi kuingia kwetu. Meli za wageni zinafunga gati namba 1, penye jengo la abiria. Mama, usije getini na sufuria ya biriani ukitarajia kupanda. Bandari ni eneo la ulinzi, na mtu anaingia kwa jina lililopelekwa mapema. Binti aulize melini kama wageni wa familia wanaruhusiwa, na ikiwa ndiyo, majina na namba za vitambulisho vyenu vitangulie. La sivyo yeye ndiye atoke, mkutane mjini. Ukitaka kuiona ikiingia, nenda Mama Ngina kwa wauza mihogo. Mkondo wa Likoni ni mwembamba, meli inapita mbele yako karibu hata watu wa sitahani utawaona wakipunga mikono.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna saa ya mwisho ya kurudi melini, na inakuwa mapema kuliko saa ya kung'oa nanga. Anayechelewa anakatwa muda wake bandari inayofuata, na anayechelewa sana anaachwa, atajua mwenyewe atakavyoifukuzia. Watoto wa nyumbani ndio hatari zaidi, maana hapo hapo kuna nyanya wa Diani anataka kumwona, shangazi wa Mtwapa kapika. Siku ya kuondoka asivuke kwenda Likoni. Feri ikijaa hakuna wa kumsikiliza. Akilazimika kwenda kusini, apitie barabara ya Dongo Kundu, na awe amesharudi kisiwani mchana. Jamaa wote wamwone siku za mwanzo.

Januari hadi Machi ni kaskazi, bahari yetu ina utulivu wake. Kusi likianza, mambo mengine.

Kutoka: Mama wa Kibokoni

Shukrani Ami, na wewe mwanangu wa Toronto. Babake amesoma barua zote mara mbili. Amesema aende, viza zikikamilika. Biriani litapikwa nyumbani.

Moja limebaki. Pasipoti ya binti ina kurasa nne tu zilizo wazi, na inaisha miezi mitano baada ya safari. Nimemwambia akija Desemba tutakwenda pamoja ofisi ya uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi, kuomba mpya.

Kutoka: Dada wa Columbus

Dadangu, asingoje Desemba! Safari ni Januari, na balozi haziwezi kubandika viza kwenye pasipoti ambayo haijatoka. Nchi nyingi zinataka pia ibaki na miezi sita. Aanze kuomba kwenye eCitizen, tovuti ya serikali yetu, wiki hii, achukue miadi ubalozi wetu wa Washington akapigwe alama za vidole huko huko. Achague ya kurasa 66, hata kama ni bei zaidi. Na ile ya zamani asiitupe: viza ya Marekani iliyomo ndani yake inaendelea kufanya kazi hadi tarehe yake, bora isikatwe wala kuharibiwa, na asafiri na zote mbili. Amwambie wazi afisa wa ubalozi kwamba ukurasa huo una viza hai, kabla hajaichukua kuitoboa.