Msaada wakuu: filamu fupi ya darasa, zimebaki siku 9, sauti mbovu na steringi kanyoa kipara

DairektaFeki:
Wakuu habari zenu, nimekuja hapa nikiwa nimechoka kweli kweli. Tuko watano, tumepewa kazi ya darasa tutengeneze filamu fupi isiyozidi dakika 8, na zimebaki siku 9 tuionyeshe mbele ya wenzetu wote. Stori ni ya kijana anayempigia simu kaka yake kila jioni, kaka hapokei, mwishoni ndio unajua kwa nini. Skripti nimeandika mimi, kurasa 14, na dairekta ni mimi, au niseme nilikuwa dairekta kwa dakika kama 20 hivi za siku ya kwanza.

Siku hiyo tulikuwa na sini ya ngazini. Nasema anza, mshika kamera anasema subiri, anayeigiza mama anauliza kwani kwa nini apande asishuke, na mwenye simu (tunashutia simu yake kwa hiyo anajiona ni mwenye filamu) anasema hapo mlipokaa pabaya hameni. Tukashuti kwa namna nne mpaka jua likazama, na sini yenyewe ni mtu anapanda ngazi ameshika simu basi.

La pili ni sauti. Sini kubwa ni pale jamaa anapomwachia kaka yake ujumbe wa sauti, dakika mbili anaongea peke yake chumbani. Aliigiza mpaka mimi nikageuka pembeni nisionekane. Nafika nyumbani naweka iafoni, nasikia feni. Feni ya darini imeingia yote, yeye anasikika kwa mbali kama yuko chini ya kitanda.

La tatu, juzi steringi kaja na kipara. Eti kichwa kilikuwa kinamuwasha. Na tumeshashuti karibu nusu akiwa na nywele.

Sasa wenzangu wawili wanasema turudie yote na mtu mwingine, mwingine anataka tubadilishe stori kabisa, mimi sijui. Nishaurini ila msinirushie mawe.

MzeeWaKlapa:
Pole sana kijana. Kabla ya feni na kipara nimesimama kwenye kurasa 14. Skripti iliyopangwa kwa mpangilio wake wa kawaida, ukurasa mmoja unakadiriwa ni dakika moja ya filamu. Kwa hiyo hata kama mngepatana kama mapacha bado mlikuwa mnatengeneza dakika 14 za kazi ya dakika 8. Kata kwanza. Kaa na kalamu, kila sini jiulize nikiitoa mtazamaji atapotea? Kama hapotei, itoke. Halafu kata vichwa na mikia, yaani watu kugonga mlango, karibu, kaa, hujambo, hizo ndio zinazokula dakika. Ingia sini ikiwa imeshaanza na utoke kabla haijaisha.

Ukifikisha kurasa 6 urudi hapa utuambie ni sini ngapi kweli zimebaki za kushuti, nadhani utashangaa.

chekiboblite:
Kichwa kilikuwa kinamuwasha 😂😂😂 nimecheka mpaka nimeulizwa nina nini. Endeleeni wakuu nipo hapa chini nasoma

SikioLaPaka:
Mtoa mada hapa kwenye sauti ndio kwangu. Feni ni mngurumo wa aina moja usiobadilika, kwa hiyo programu za kuediti zinaweza kuipunguza kiasi, ila ukiikaba sana sauti ya mtu nayo inakuwa kama inatokea kwenye kopo. Jaribu kidogo usikie, ila usiweke matumaini yote hapo.

Lakini ngoja nikuulize, hiyo si sini ya ujumbe wa sauti? Basi nani kasema lazima tuone mdomo wake muda wote? Mwambie arekodi maneno yale upya, tena bila kamera kabisa, aingie kwenye kabati la nguo au ajifunike blanketi zito (nguo zinameza mwangwi, ndio maana bafuni sauti inarudi na kwenye kabati hairudi), simu iwe kama shubiri moja na nusu toka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Halafu ile sauti unaitandaza juu ya picha nyingine, mgongo wake, kidole kinachora chora meza, kitanda cha kaka kimetandikwa hakijalaliwa. Picha za hivyo mnazishuti asubuhi moja tu.

Na kwa sini zilizobaki sikiliza. Simu inayoshuti iko mbali na muigizaji, kwa hiyo itasikia chumba kabla haijamsikia yeye. Tafuteni simu ya pili, muiweke kinasa sauti, iingie mfuko wa shati wa anayeongea au ijifiche mezani nyuma ya kitabu. Kamera na kinasa vikishaanza vyote, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye kuediti unatafuta ile picha mikono inapokutana na ule mlio wa kofi, unalinganisha, kazi imekwisha, ile ndio kazi ya klapa, kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera mnachokiona kwenye sinema, wala siyo urembo. Simu zote ziwe kwenye modi ya ndege. Zima feni, zima friji, na UFUNGUO wa nyumba uuweke ndani ya friji, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mimi niliwahi kuisahau, sitaki kusimulia.

Mkimaliza kila chumba, wote mnyamaze sekunde 30 mrekodi ukimya wa chumba chenyewe. Utanishukuru ukianza kukata, maana ukimya wa chumba kimoja haufanani na wa kingine, na pakibaki tupu kabisa mtu anadhani spika imezima. Na msiondoke mahali kabla mtu mmoja hajavaa iafoni akasikiliza. Mmoja tu, dakika mbili. Hiyo ndio iliyowaponza.

DairektaFeki:
@SikioLaPaka asante mno, la kabati sikuwahi kuliwaza. Ila mkuu yale machozi yalikuwa ya kweli, sidhani kama ataweza tena.

SikioLaPaka:
Machozi yako kwenye picha, picha haina feni. Mwekee ile klipu ya zamani asikilize kwa iafoni sentensi moja, aitoe vile vile, kisha inayofuata, vipande vifupi vifupi. Na pale mwisho anapovuta pumzi tu bila neno unaweza kubaki na sauti ya zamani, hapo feni haitamsumbua mtu.

mhariri_wa_usiku:
Mimi nazungumzia kipara. Msitafute wigi, wigi la kuazima linaonekana hata kwa asiyevaa miwani. Kofia nayo inaokoa sini moja mbili, ikizidi watu wanaanza kuifuatilia kofia.

Ingizeni kwenye stori. Mtu amepiga simu siku nyingi haipokelewi, siku moja anajinyoa. Mtazamaji ataelewa kuna kitu kimemkatikia ndani bila nyie kuandika hata neno. Tena hamhitaji nywele zake. Picha ya kwanza, miguu yake peku sakafuni, sauti ya mashine ya kunyolea inasikika, nywele zinaanguka pembeni ya vidole (kaokoteni za mtu yeyote anayenyolewa, mradi rangi ziendane, na mtu akae juu nje ya picha anazidondosha kidogo kidogo asimwage kama mchanga). Picha ya pili, mkono unapita juu ya kipara kwa nyuma. Picha ya tatu uso kwenye kioo. Sekunde 15 hazifiki. Kila mlichoshuti ana nywele kinakaa kabla ya hapo, kilichobaki chote kinakaa baada.

Sasa kaangalie kama mpangilio wako unakubali. Kama kuna sini ya mwishoni mmeshaishuti ana nywele, ihamishe mbele au itupe.

MzeeWaKlapa:
Hili la @mhariri_wa_usiku ni bora kuliko skripti yenyewe, samahani mtoa mada.

nyuma_ya_pazia:
Wote mmekimbilia ufundi, jamaa tatizo lake la kwanza ni watu. Mtoa mada nikuulize bila hasira, siku ile ya ngazini ulikuwa na orodha ya picha? Namaanisha karatasi imeandikwa picha ya 1 kamera iko chini ya ngazi tunaona mgongo, picha ya 2 kamera juu anakuja usoni, picha ya 3 mkono na simu?

DairektaFeki:
Hapana mkuu. Ilikuwa kichwani.

nyuma_ya_pazia:
Basi wenzio hawakukuasi. Walikuwa wanajaza nafasi uliyoiacha wazi. Watu wakifika lokesheni hawajui kinachofuata kila mmoja anaanza kuongoza, siyo roho mbaya hiyo. Kaeni jioni moja mezani, wote watano, kila mtu aseme lake mpaka amalize, mgombane hapo hapo kwenye karatasi. Kesho yake kwenye kushuti anayesema "anza" na "kata" ni mmoja. Mwenye wazo anamnong'oneza dairekta pembeni, siyo kumpigia kelele muigizaji, maana muigizaji akisikia sauti nne anabaki ameganda.

Na asiye na kazi ndio mkosoaji mkubwa, kwa hiyo mpe kazi ya kweli. Huyo mwenye simu mpe umiliki wa mafaili yote. Anayeigiza mama siku ambazo haigizi ashike daftari la mwendelezo, apige picha ya muigizaji kabla ya kila sini, shati lipi, mkono upi ulishika kikombe, saa ya ukutani ilisema ngapi.

Dada_Fremu:
Napingana kidogo na @nyuma_ya_pazia. Kama mshika kamera ana jicho kumzidi mtoa mada kwa nini asiongoze yeye hizi siku zilizobaki, mwandishi akabaki na waigizaji? Mimi kwenye kazi yetu niliandika na kuongoza pamoja, nikawa nalinda kila sentensi kama mtoto, filamu ikawa ndefu haina mbele wala nyuma. Siyo dhambi kuachia.

nyuma_ya_pazia:
Siku 9 zimebaki dada, ukibadili nahodha sasa hivi wataanza kugombea usukani upya. Angekuwa na mwezi ningekuunga mkono.

Dada_Fremu:
Haya nakubali yaishe 😅 Ila mtoa mada nisikilize kwenye kamera. Simu mnailaza, siyo kuisimamisha. Bonyeza na ushikilie usoni kwa muigizaji mpaka fokasi (ukali wa picha) na mwanga vijifunge, la sivyo kila akisogea picha inang'aa na kufifia yenyewe. Mwanga wa dirisha unatosha, mgeuzeni pembeni ya dirisha siyo kulipa mgongo, halafu upande wenye giza mtu ashike shuka jeupe lirudishe mwanga. Kwenye mipangilio ya kamera chagueni fremu (idadi ya picha inazopiga) 25 au 30 kwa sekunde mbaki nayo mpaka mwisho. Taa zikionekana zinachezacheza kwenye picha, badilisheni namba hiyo au zimeni taa hiyo.

Wakiongea wawili, chora mstari kichwani toka kwa huyu hadi kwa yule, kamera isivuke upande wa pili, ukivuka wataonekana wote wanaangalia upande mmoja kama wako kwenye foleni.

Na la mwisho ndio nalia nalo. Klipu mnatumiana vipi?

DairektaFeki:
WhatsApp…

Dada_Fremu:
Nilijua tu. Ukituma kama video ya kawaida inabanwa, inapoteza ubora. Tuma kama dokyumenti au hamisha kwa waya. Na mwenye simu asifute chochote mpaka kila klipu iwe imekaa sehemu mbili tofauti NA mtu amezifungua akaona zinacheza.

DairektaFeki:
MREJESHO. Wakuu siku 5 zimepita. Skripti imeshuka mpaka kurasa 7. Sini ya ngazini imebaki sekunde 6 na katika namna zile nne tumetumia ya mwenye simu, nimekubali kiume ndio iliyokuwa nzuri. Kabati limefanya kazi, jamaa aliingia akafunga mlango, tukawa tunamsikia anahema tu, alitoka jasho linamtiririka kipara chote akasema hiyo hiyo sirudii, na kweli ilikuwa hiyo. Kunyoa tumeshuti jana, mdondosha nywele alipiga chafya zikatua zote kwa pamoja, tukaziokota moja moja tukarudia. Funguo tuliukuta kwenye friji tunataka kuondoka, tulicheka sana.

Nimeunganisha imetoka dakika 7 na sekunde 10. Imebaki picha ya mwisho. Mshika kamera anataka iishe kwenye simu ya kaka iko ndani ya droo, kioo kinawaka kinazima. Mimi nataka iishe kwenye uso wa mdogo mtu. Tumeanza tena kubishana.

mhariri_wa_usiku:
Droo mtaishuti kwa muda gani?

DairektaFeki:
Kama nusu saa hivi.

mhariri_wa_usiku:
Shutini zote mbili. Muwaonyeshe watu watatu ambao hawaijui stori, bila kuwaambia ipi ya nani, muangalie nyuso zao msiangalie filamu.

DairektaFeki:
Sawa mkuu, tunaingia sasa hivi. Feni nimeizima mwenyewe.