Mtoto wa Panga ya Saidi arudishwe pangoni au abaki kwa wataalamu?

Mwanakilifi: Jamani hili jambo linanikereketa acha niliseme. Yule mtoto wa pango la Panga ya Saidi huku kwetu Kilifi, aliyetangazwa 2021, wakampa jina Mtoto, alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, kaburi la zamani kuliko yote yanayojulikana Afrika ya watu kama sisi. Alikufa akiwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, amefungwa na kitu kama sanda, na shingo imelegea vile inavyoonyesha kichwa kilikuwa kimewekewa kitu laini chini kikaoza. Yaani mtu alimwekea mwanawe mto! Mifupa imekuwa kama unga ikabidi wamtoe na udongo wake ndani ya plasta, wakampeleka Nairobi, kisha Burgos kule Hispania ndio wakamchambua polepole. Sasa ameshasomwa, mbona asirudi? Huyu hakupotea, alizikwa.

Fundi Udongo: Arudi kwa nani? Miaka 78,000 hakuna ukoo unaoweza kusema huyu wetu. Na hiyo "ameshasomwa" umeitoa wapi? Yule mtu wa kale wa Kennewick, mifupa yake ilipatikana 1996 kando ya mto Columbia Marekani, makabila ya pale yakataka azikwe hapo hapo, wanasayansi wakaenda kortini. Vinasaba vyake vikaja kusomeka 2015. Angezikwa mwanzoni tusingejua kitu. Na huyu wetu ni unga, ukishamfukia ndio basi tena.

Nyota ya Asubuhi: Malizia hadithi basi. Hivyo vinasaba vilisemaje? Kwamba ana undugu na hao hao wenyeji waliosema tangu siku ya kwanza ni mzee wao! Wakazungushwa miaka 20 kuambiwa walichokuwa wanakijua, wakamzika 2017. Wewe unaona ni ushindi wa maabara, mimi naona wazee waliambiwa waongo.

Kijana wa Kalenga: Kurudi nako si kuzikwa, msichanganye. Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles 1919 kwamba Wajerumani walirudishe, likaja 1954, na mpaka leo liko kwetu Kalenga, Iringa, kwenye kioo cha makumbusho, watu wanapita wanaangalia. Wengine kwetu wanasema ndio heshima, vizazi vimuone. Mimi kila nikiingia mle natoka haraka.

Mpenda Historia: Mbona mnagombana na njia ya katikati ipo. Mtwapa, hapo hapo pwani ya Kenya, walifukua makaburi ya Waswahili wa zamani, wakakubaliana na wenyeji, wakachukua sampuli kidogo, mifupa ikarudi ardhini msimu ule ule. Matokeo yakatoka 2023 na ndio ikathibitika Waswahili ni Waajemi.

Mvita Asili: NANI MUAJEMI??

Mvita Asili: Samahani kwa herufi kubwa lakini hili neno tumetukanwa nalo tangu shule. Soma vizuri ndugu yangu. Watu 80 hivi wa pwani nzima mpaka Kilwa, na wengi wao nusu ya asili yao au zaidi ni Afrika, tena upande wa mama. Waajemi ni mababa, kuanzia mwaka 1000 hivi. Unachukua baba unamtupa mama?

Mpenda Historia: Nilikusudia upande wa baba, nimekosea kuandika. Lakini wazee wenu wenyewe si ndio husema wametoka Shirazi kule Uajemi, na wasomi wakawacheka miaka yote. Sasa mifupa imewatetea na wewe umekasirika.

Mvita Asili: Nimekasirika kwa sababu mtu akisikia Shirazi anatuambia turudi kwetu. Kwetu ni hapa. Lugha hii unayoniandikia ni ya Kibantu, nani aliifundisha hao watoto kama si mama zao?

Nyota ya Asubuhi: Hapo umenena mama zetu walikuwa hawatajwi popote mpaka mifupa iseme.

Fundi Udongo: Kwa hiyo tumekubaliana mifupa ina maneno. Mmefurahi imesemwa ya Mtwapa, ya Panga ya Saidi mnataka inyamaze.

Mwanakilifi: Fundi usinitegee. Mtwapa waliulizwa! Wana warithi, wana msikiti, wakasema fukueni lakini rudisheni. Mtoto kwa sababu hana wa kumsemea ndio abaki kwenye sanduku? Hana wa kumsemea, basi tumsemee sisi tunaoishi pale.

Mvita Asili: Na mimi bado nasubiri Mpenda Historia arekebishe ile posti, watu wataisambaza hivyo hivyo.

Mpenda Historia: Nimeshasema nimekosea, unataka nipige magoti?

Shangazi Mkulima: Nimesoma yote kimya. Shambani kwetu kuna kaburi la mawe hatujui la nani. Babu alituambia tu msilime hapa, na hatujalima, mahindi yanazunguka. Akija mtaalamu leo simfukuzi. Akae kwanza na wazee, aseme anataka nini, achukue jino moja, na kabla jua halijazama afukie mbele yangu na mawe yarudi vile yalivyokuwa. Akiniambia anakwenda nayo ng'ambo kidogo atarudisha, hapo hatuelewani.