Naomba ushauri: niseme ukweli hewani juu ya albamu ya vijana wetu?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie nipo Unguja, nina kipindi kifupi redioni cha albamu mpya za roki, pop na bendi ndogo zinazojitegemea. Siku zote nilikuwa nasoma tu maoni ya wahakiki wa nje: alama za tovuti ya uhakiki wa muziki ya Pitchfork, hadi 10, na wastani wa alama za wahakiki unaokusanywa na tovuti ya Metacritic, kati ya 100.

Juzi nikaitaja alama ya chini kabla ya kupiga wimbo. Bi mmoja akapiga simu: "Mwanangu, umeshatwambia mbaya, sasa tusikilize nini?" Kanichoma, na kasema kweli. Hata Queen, bendi ya roki ya Freddie Mercury, mzaliwa wa hapa hapa Unguja 1946, wahakiki wengi waliiponda miaka ya 1970.

Sasa nasikiliza mwenyewe kwanza, mara tatu, spika za masikioni. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Vijana wa mtaani wameniletea albamu yao. Gitaa na ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, vinajibizana vizuri mno, na wimbo wa nne unasikia binti anavuta pumzi kabla ya kiitikio, mwili unasisimka. Lakini ngoma zimerekodiwa juu sana, maneno yanazama.

Nikisifu tupu nawadanganya wasikilizaji. Nikikosoa hewani, naogopa watavunjika moyo, ndiyo kazi yao ya mwanzo. Niwaite kwanza tuzungumze faragha? Na alama nitoe, au niache? Mliowahi kuhakiki kazi za watu mnaowajua, nisaidieni, kipindi ni Jumamosi hii.