Naomba ushauri: amplifaya inawaka na kujizima baada ya umeme kurudi mkubwa

Wakuu, habari za jioni. Nina amplifaya ya chaneli 5 aliyoniachia marehemu baba, ndiyo maana siko tayari kuitupa. Juzi umeme ulikatika, uliporudi ukaja mkubwa mno: balbu ya sebuleni ikaungua na amplifaya ikazima papo hapo.

Fundi aliifungua akakuta fyuzi imekatika na varista (kidude cha kukinga umeme ukizidi) ya kwenye njia ya umeme imepasuka. Kabadilisha zote. Sasa inawaka, lakini baada ya sekunde chache inaandika PROTECT (yaani imejikinga kwa kuhisi hitilafu) kwenye kioo na kujizima, na ule mlio wa relei ya spika (swichi ya ndani inayounganisha spika) hausikiki kabisa. Nimechomoa spika na nyaya zote za nyuma, hali ni ileile.

Fundi anataka tununue transfoma kubwa. Mimi nasita, maana nahisi transista za kutolea sauti za chaneli mojawapo zimepiga shoti. Mliowahi kutengeneza hizi, tupime nini kwanza kwa multimita kabla sijatoa hela? Na kwa kinga ya baadaye, stabilaiza inatosha au kuna kifaa bora zaidi?