Tupeane uzoefu: profaili ya kampuni na maneno ya Kiingereza yanayoikwamisha

Karani wa Zabuni

Wakuu, heshima kwenu. Imepita mezani leo profaili ya kampuni ya usafi wa majengo, kurasa 34. Kurasa sita za mwanzo ni picha ya ghorofa lisilo lao, salamu za mwenyekiti, dira, dhamira na tunu tisa. Idadi ya wafanyakazi unaikuta ukurasa wa 27. Kazi walizofanya zimepewa mistari mitatu, haina mwaka, haina kiasi, wala mtu wa kupigiwa simu. Na kazi yao ni nzuri, ndiyo maana inauma.

Tupeane uzoefu hapa. Profaili mnaziona zikikwama wapi, na Kiingereza gani kinawaangusha watu wetu? Semeni kwa mifano.

Kalamu Nyekundu

Huo ukurasa wa 27 umenigusa, mkuu. Mtu wa manunuzi mwenye profaili kumi na tano mezani hasomi, anapekua. Ukurasa wa kwanza baada ya jalada uwe jedwali: jina kamili la kampuni herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, namba na tarehe ya usajili, TIN, namba ya VAT kama ipo, leseni ya biashara na inaisha lini, kiwanja na kitalu, siyo sanduku la posta peke yake. Jina likiwa "Ltd" kwenye jalada, "Limited" ndani na "Company Limited" kwenye mhuri, mkaguzi anahesabu majina matatu.

Baada ya jedwali, sentensi moja inayosema mnafanya nini, kwa nani, wapi. "We provide cleaning and fumigation services to offices, clinics and schools in Dar es Salaam and Kibaha." Basi. Linganisha na hii inayozunguka mjini: "We are a leading, dynamic and world-class company committed to excellence." Mpe muuza nondo, mpe mwenye saluni, mpe wakala wa mizigo, kila mmoja itamkaa.

Kisha jedwali la kazi, safu sita: mteja, kazi, mahali, thamani, ilianza na kuisha lini, na nafasi yenu, mlikuwa mkandarasi mkuu au mdogo. Kila mstari uwe na karatasi nyuma yake, LPO (oda rasmi ya manunuzi), mkataba au cheti cha kukamilisha kazi. Usio na karatasi uondoke, hata kama ndio mtamu kuliko yote.

Na tarehe jamani! Biashara nyingi zilianza kama jina la biashara, kampuni ikaja baadaye. Mtu anaandika "incorporated in 2014", yaani ilisajiliwa kuwa kampuni 2014, cheti kinasema 2019. Anaonekana mwongo wakati ana uzoefu wa kweli. Kiingereza chake ni "trading since 2014, incorporated in 2019". Miaka mitano yako imebaki na hakuna wa kukushika shati.

Mzee wa Buguruni

Naunga mkono, hasa hapo kwenye "incorporated". Ninazo tatu kabatini zenye kosa hilohilo.

Duka la Steshenari

Nawaeleza kinachotokea kwenye mashine zetu. Mteja anakuja saa kumi jioni, zabuni inafungwa kesho saa nne asubuhi. Mchapaji anafungua profaili ya mteja wa mwezi uliopita, anatafuta jina la zamani, anabadilisha yote kwa mkupuo. Maneno ya kawaida yanabadilika. Yaliyo ndani ya picha hayabadiliki: chati ya uongozi iliyobandikwa kama picha, mhuri uliochanganuliwa kwa skana, nembo kwenye kijachini. Kisha PDF. Bonyeza sifa za faili, pale kwenye "Author" na "Title" utakuta jina la kampuni ile nyingine limekaa kimya.

Kabla hamjalipia, chapisheni nakala moja karatasini, mtu wa pili aisome kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mwanzo. Macho yakisoma kinyume hayaruki. Sifa za faili zisafishwe. Picha zipunguzwe ukubwa kabla hazijaingia kwenye Word, kwa sababu picha nane za simu zinatosha kufikisha faili MB 40, na barua pepe nyingi zinagoma kwenye 20 au 25. Lenga chini ya MB 5.

Mwalimu wa Jioni

Nijibu upande wa lugha. Makosa ya watu wetu siyo ujinga, yanatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Kwetu vifaa ni vingi, samani ni nyingi, taarifa ni nyingi, basi mkono unaongeza "s": "equipments", "furnitures", "informations". Kwa Kiingereza hayo hayapokei "s". Ukitaka kuhesabu unasema "items of equipment", au bora utaje kitu chenyewe: "two excavators and one water bowser". Na "staffs" kwa maana ya wafanyakazi iwe "staff" au "employees".

La pili, "tangu". Tunasema tangu 2018, na wengine wanasema tangu miaka mitano, ndipo linapozaliwa "since five years". "Since" inataka mahali pa kuanzia, "since 2018". "For" inataka urefu, "for five years".

La tatu, "kujishughulisha na". Kila profaili imejaa "we are dealing with sell of spare parts". "Deal with" ni kushughulikia tatizo au mtu. Bidhaa ni "deal in", au kwa urahisi "we sell" na "we supply". Na "sell" ni kitenzi, uuzaji ni "sale".

Gereji ya Mwenge

Mwalimu umesahau la kukodi! Kampuni ya magari inaandika "We hire vehicles to government institutions." Kiswahili kina kukodi na kukodisha, mwisho wa neno unajua nani ametoa gari na nani amelipa. "Hire" peke yake ni kukodi. Msomaji anaelewa kwamba nyie ndio mnakodi magari ya watu, akifika kwenye orodha ya vifaa anajiuliza kama lipo hata moja lenu. Semeni "hire out", au "We provide vehicles for hire". Na orodha ya magari iwe na safu ya "owned" au "leased", namba ya usajili na mwaka wa kutengenezwa.

Mwalimu wa Jioni

Kweli kabisa, kaka. Ahsante kwa hilo.

Mbezi Juu

Mnapoteza muda. Tangu NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, uchukue nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023, zabuni za serikali unajaza taarifa kwenye mfumo, unapandisha nyaraka, kwisha. Nani anasoma profaili?

Kalamu Nyekundu

Mkuu, serikali siyo mteja peke yake. Hoteli, viwanda, migodi, mashirika, benki unayoiomba mkopo, mkandarasi mkubwa anayetafuta wa kumpa kazi ndogo, hao wote swali la kwanza ni "nitumie profaili". Hata huko kwenye mfumo, taarifa unayoijaza sehemu ya uzoefu na wataalamu unaichota wapi kama hukuipanga? Mtu anajaza uzoefu kwa kukumbuka, saa tano usiku, ndiyo maana tarehe zinapishana na mkataba alioupandisha.

Mbezi Juu

Sawa kwa sekta binafsi. Kwa serikali nabaki na msimamo wangu.

Pampu na Mabomba

Subirini niwape hii, maana neno moja liliua biashara nzima.

Kampuni inauza pampu za maji. Ina barua halali ya uwakala kutoka kiwanda cha nje. Kwenye profaili, ukurasa wa pili, kwa wino wa bluu: "We are a subsidiary of" halafu jina la kiwanda. Aliyeandika alimaanisha tuko chini yao, tunauza vya kwao. Profaili ikaenda kwenye mradi wa visima, ikapita hatua ya kwanza kwa kishindo, kwa sababu mnunuzi aliona jina kubwa.

Barua ikarudi: leteni hesabu zilizokaguliwa za kundi zima la kampuni pamoja na "parent company guarantee", siku tatu za kazi. Ofisini wakaona "guarantee" wakafurahi. Wakachukua kadi ya pampu ile ya miaka miwili, wakaichanganua, wakaituma.

Mnunuzi alikuwa anaomba kampuni mama iandike kwamba nyie mkishindwa kazi, yeye ataimaliza au atalipa. Akaletewa waranti ya mota. Akaandika moja kwa moja kiwandani. Mwanasheria wa kiwanda akajibu aya moja: hatuna hisa yoyote katika kampuni hiyo. Nakala ya jibu ikaja Dar es Salaam na barua ya pili ya kusimamisha uwakala mpaka profaili zote zilizosambazwa zirudishwe. Zabuni ikaondoka, pampu zikaacha kuletwa, mabango ya dukani yakashushwa. Haikuchukua wiki mbili.

Mzee wa Buguruni

Duh! Walirudishiwa uwakala au ndiyo imetoka?

Duka la Steshenari

Masikini. Na pengine mchapaji ndiye aliyeliweka hilo "subsidiary" kutoka profaili nyingine.

Mbezi Juu

Hapo sina huruma. Ingekuwa zabuni ya umma, taarifa ya uongo inaweza kukufikisha PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, ukafungiwa kushiriki zabuni. Walitaka ukubwa wa bure.

Pampu na Mabomba

Uwakala haukurudi. Na mkuu Mbezi, hawakudanganya, hawakujua. Neno lilikuwa kubwa kuliko walichokuwa nacho.

Mbezi Juu

Anayesoma barua ya mnunuzi hajui uliandika kwa kutojua. Anaona ulichosaini.

Wakili wa Jioni

Tutulie, tuyapange. "Subsidiary" ni kampuni tanzu, na kampuni mama inaimiliki au kuidhibiti kwa hisa au kura. "Branch" ni tawi, siyo kampuni nyingine, ni ileile mahali pengine. "Affiliate" ni kampuni yenye uhusiano wa umiliki na nyingine. "Authorised distributor" ananunua na kuuza kwa hesabu yake. "Agent" anafanya kwa niaba ya mwenye mali. Wale wa pampu walitakiwa kuandika "authorised distributor of", na nakala ya barua ikae kwenye viambatisho ikiwa na tarehe yake ya kuisha.

Na hilo la dhamana ndilo linalotuumiza, kwa sababu Kiswahili kinabeba yote kwa neno moja. Mtuhumiwa anapata dhamana, mkopo una dhamana, pampu ina dhamana, zabuni ina dhamana. Kiingereza cha biashara kinayagawa: "warranty" ni ya bidhaa, "bid security" inakwenda na zabuni, "performance guarantee" au "performance bond" ni ya kutekeleza mkataba na mara nyingi inatoka benki au bima, "collateral" ni nyumba uliyoweka rehani. Ukiona "guarantee" kwenye barua, tafuta neno lililo mbele yake na aliyetajwa kuitoa, kabla hujafungua kabati.

Bandari Mombasa

Ndugu zangu, huku kwetu Kenya mambo ya kujiita hayafiki mbali. Mteja aitisha CR12, karatasi ya msajili wa kampuni, inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na aitaka ya karibuni. Sasa profaili imemwita "Director" kijana wa mauzo, CR12 haimjui. Andikeni "Sales Manager" muishi kwa amani. Wale wa AGPO pia, ile asilimia 30 ya zabuni za serikali inayotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, cheti chenyewe kiwe bado hakijaisha na majina yafanane na CR12.

Kalamu Nyekundu

Huku nako hivyohivyo, BRELA inatafutika. Na "Engineer" msimpe fundi sanifu. Cheo hicho kina usajili wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Fundi sanifu ni "technician", fundi mchundo ni "artisan".

Binti wa Hesabu

Samahani wataalamu, "turnover" ni faida au mauzo? Bosi ameniambia faida, na naijaza leo.

Mwalimu wa Jioni

Mauzo yote ya mwaka kabla hujatoa gharama, dada. Faida ni "profit". "Revenue" na "turnover" kwa matumizi ya kawaida ni kitu kimoja, Waingereza wanapenda "turnover", Wamarekani "revenue".

Mbezi Juu

Siyo kimoja. "Revenue" inaweza kubeba na mapato mengine, mfano kodi ya pango unayopokea.

Mwalimu wa Jioni

Ndiyo maana nimesema matumizi ya kawaida, mkuu. Dada, chukua namba iliyo mstari wa juu wa taarifa ya mapato iliyokaguliwa, weka mwaka wa fedha na aina ya sarafu, usikadirie. Na tahadhari, "staff turnover" ni watu kuacha kazi na wengine kuingia. Kuna profaili imejisifu "we have a high staff turnover" ikidhani inasema wafanyakazi ni wengi.

Karani wa Zabuni

Hiyo ningeirudisha kwa simu, siyo kwa barua. Sasa, mtu anajifunzaje haya yote? Kukariri kamusi?

Gereji ya Mwenge

Maneno kumi kwa siku, daftari, asubuhi kabla ya kazi. Mwezi mmoja unatosha.

Mwalimu wa Jioni

Orodha peke yake haikai, kaka. Neno la biashara linatembea na mwenzake: "submit a bid", "award a contract", "issue an invoice", "meet a deadline", "place an order". Chukua nyaraka moja ya zabuni ya kazi unayoijua, pigia mstari jozi ishirini. Daftari liwe na safu tatu: jozi, sentensi ilivyotokea, na sentensi yako inayoihusu kampuni yako kwa namba za kweli. Isome kwa sauti. Ukimaliza nyaraka tatu za namna hiyo, nusu ya Kiingereza cha profaili umeshakiandika.

Bandari Mombasa

Mie naona aandike kwanza kwa Kiswahili chake, ndipo apeleke kwa mhariri.

Kalamu Nyekundu

Ni sawa, ila majina ya nyaraka yasitafsiriwe wala kuachiwa mashine. Hati ya kutodaiwa kodi nimeiona imekuwa "letter of not being owed tax". Ni "Tax Clearance Certificate".

Binti wa Hesabu

Nimeongea na bosi. Alikuwa ameandika faida. Tumebadilisha, miaka mitatu yote, nimetaja shilingi. Sasa nakagua jina la kampuni, kwenye mhuri wetu kweli ni "Ltd" na cheti kinasema "Limited". Tuchonge mhuri mpya au tubadilishe profaili?

Wakili wa Jioni

Profaili ifuate cheti leo hiihii. Mhuri mpya uchongwe kesho, na kabla haujafika usigonge wa zamani kwenye nyaraka yoyote ya zabuni hiyo.